Saraka Mbili na Mtu Mmoja

Ilikuwapo, na kwa bahati njema ya viongozi wake bado ipo, nchi moja iliyojaliwa wizara mbili za kuwatambua watu wake. Ya kwanza iliitwa Wizara ya Wananchi, ya pili Wizara ya Raia. Mgeni asiyejua angeuliza mwananchi na raia wana tofauti gani, na jibu lilikuwa wazi kabisa: mwananchi ni yule anayepiga kura na kulipa kodi, raia ni yule anayesomeshwa na kutibiwa. Kwamba mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja ni jambo ambalo wizara zote mbili zilikuwa bado zinalifanyia utafiti.

Kila wizara ilikuwa na mtambo wake, na ndani ya kila mtambo mlikuwa na saraka, yaani orodha kubwa ya majina, kila jina na akaunti yake. Akaunti ilifunguka kwa sura: unasimama mbele ya kioo, mtambo unakutazama, taa ya kijani inawaka, unahudumiwa. Bila akaunti mtu hanunui umeme, halazwi hospitali, hazikwi. Wala hapo serikali haina lawama, kwa sababu haiwezi kumhudumia mtu isiyemjua.

Shida ilikuwa moja tu, nayo ndogo. Saraka hizo mbili hazikuwahi kuzungumza hata siku moja.

Nyangoma na Nyakato walizaliwa tumbo moja, upande wa ziwani, ambako pacha wa kike akitangulia huitwa Nyangoma, na anayemfuata huitwa Nyakato. Baba yao naye tangu siku hiyo aliacha jina lake akawa Ishengoma, baba wa mapacha, akatembea kifua mbele mpaka alipofariki. Mama yao alipowapeleka kuwaandikisha, karani wa Wizara ya Wananchi alimuuliza kwa adabu siku ile alijifungua mara ngapi. Mama alilelewa kusema kweli, akajibu kwamba ni mara moja tu. Karani akasema basi, uzazi mmoja jina moja, akamwandika Nyangoma. Yule wa pili akashauri apelekwe Wizara ya Raia, asije akakaa bure. Ndivyo Nyangoma alivyokua akiwa mwananchi asiye raia, na Nyakato raia asiye mwananchi.

Hawakusumbuka sana. Walifanana mpaka mama yao alikuwa akiwavalisha shanga za rangi tofauti ili asimnyonyeshe mmoja mara mbili, na mtambo haukuwa na macho makali kuliko ya mama. Nyangoma alipougua malaria alitibiwa kwa jina la Nyakato. Siku ya uchaguzi Nyakato alikwenda kwa jina la Nyangoma, na Nyangoma akifika mchana anaambiwa ameshapiga kura, tena amemchagua yule yule ambaye angeshinda hata kama pasingekuwa na uchaguzi. Nyangoma akawa msusi, ana kiti chake kwenye baraza la duka karibu na soko. Nyakato akawa mwalimu wa hesabu shule ya msingi, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kugawa pipi.

Kisha figo za Nyakato zikafa.

Zilianza kwa kumvimbisha uso asubuhi, zikaendelea kwa kumkosesha pumzi, mwisho akawa haishi bila kulazwa Hospitali Kuu na kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Dakta Mwemezi, mtu mpole mwenye sauti ya chini, akaeleza kwamba mashine inasogeza siku tu, na kwamba dawa ya kweli ni kupata figo ya mtu mwingine, ikiwezekana ndugu, na kama ikiwezekana zaidi... Nyangoma hakumwacha amalize. Akauliza wanakata upande gani, kushoto au kulia, ili ajue mkono upi atasukia wakati kidonda kinapona.

Daktari akatabasamu, halafu tabasamu likamwisha. Hospitali ni mali ya Wizara ya Raia, na Nyangoma hakuwamo kwenye saraka ya raia. Mtu ambaye hayumo hawezi kupimwa, na ambaye hajapimwa hawezi kutoa figo. Nyangoma akapendekeza apimwe kwa jina la mdogo wake kama walivyozoea. Daktari akamwambia safari hii wanatakiwa watu wawili. Angoje saraka zipatanishwe, kwa maana alisikia mpango huo upo mbioni.

Na kweli ulikuwa mbioni, ila ulikuwa unakimbia papo hapo uliposimama.

Wageni fulani walioleta msaada walikuwa wameuliza nchi ina watu wangapi, wakapewa majibu mawili. Ikaamriwa saraka zisawazishwe: kila jina lililo huku liwepo na kule. Mafundi wakaeleza kwamba mitambo miwili ikitaka kuzungumza, lazima mmoja uanze kuita, na mwingine uitike. Hapo ndipo kazi ilipolala. Katika nchi ile, kama kwingineko kwa watu waliolelewa vizuri, mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa. Anayeanza anasema shikamoo, anayeitika anasema marahaba. Basi mtambo utakaoanza kuita ndio mdogo, na wizara yake ndogo, na waziri wake je?

Waziri wa Wananchi, Mheshimiwa Ngwandumi, alisema yeye aliapishwa kwanza. Waziri wa Raia, Mheshimiwa Sengasu, alisema yeye alizaliwa kwanza, na wakati anatahiriwa mwenzake alikuwa bado anatambaa. Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kubaini Mtambo Mkubwa. Kamati ikasafiri nchi za mbali kutazama mitambo ya wenzetu inavyoamkiana, ikarudi na picha nzuri. Ikaipima mitambo kwa miaka, ikakuta wa Wananchi ni mzee zaidi. Ikaipima kwa mizani, ikakuta wa Raia ni mnene zaidi. Mwishowe ikapendekeza ununuliwe mtambo wa tatu, mchanga kabisa, uwe unaamkia yote miwili. Mtambo ukanunuliwa, lakini kwa bahati mbaya ulinunuliwa kupitia jeshi, nao ukakataa kumwamkia yeyote.

Wakati huo wote Nyakato alikuwa kitandani, anasafishwa damu, anauliza mkubwa ameshapatikana au bado.

Jibu lilitoka kwa mwandishi wa hotuba za Ikulu. Mitambo isiamkiane, alisema. Yote miwili imwamkie Mtukufu Rais kwa sauti moja, naye aiitikie kwa pamoja, na katika kuitikiwa huko iunganike. Nchi nzima ikashangaa jambo jepesi namna hiyo lilikuwa limejificha wapi. Ikatangazwa Siku ya Maamkizi. Mitambo ikabebwa kwenye malori mpaka uwanja wa taifa, ikafunikwa bendera, ikawekwa mbele ya jukwaa. Nyangoma alikuwa miongoni mwa waliosimama juani, na ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote. Wodini, Nyakato aliomba redio iongezwe sauti. Mtukufu akainuka, akanyoosha mkono. Vipaza sauti vya mitambo vikatoa shikamoo mbili zilizopishana kidogo sana. Mtukufu akasema marahaba, wanangu. Waya zikawaka taa, bendi ikapiga, mawaziri wakakumbatiana huku kila mmoja akiwa ameangalia upande wake.

Kesho yake Nyangoma alisimama mbele ya kioo cha Hospitali Kuu, na taa ya kijani ikamwakia. Alilia pale pale mlangoni, kwa furaha. Akapimwa damu, akapimwa mkojo, akapigwa picha za tumbo. Dakta Mwemezi akatoka na majibu mkononi, anacheka: figo zote mbili nzima, na zinapatana na mwili wa mdogo wake kabisa. Upasuaji ungefanyika juma lile lile. Jioni hiyo dada wawili waligawana papai, wakabishana ni figo ipi itolewe, na Nyakato akasema anataka ile yenye bidii.

Asubuhi yake muuguzi alikuja kumfungulia Nyakato mipira ya mashine. Akampa mkono. Akampongeza kwa kupona.

Nyakato alidhani ni mzaha, akajibu kwa mzaha. Lakini muuguzi alikuwa anasoma kwenye kioo cha mtambo, na kioo kilisema kwamba mwenye akaunti ile alipimwa jana na kukutwa na figo nzima, zote mbili. Majibu ya zamani yalionyesha ugonjwa, ndiyo, lakini kanuni ya usawazishaji iko wazi: majibu mawili yakigongana, ya karibuni ndiyo ya kweli. Kitanda kilikuwa na mtu mwingine anakisubiri.

Nyangoma alikwenda Ofisi ya Upatanisho huku amevaa kanga aliyolalia. Alipokewa na Bwana Kapufi, Afisa Mkuu wa Upatanisho wa Nafsi, mtu mnyoofu, mwenye meza safi kuliko zote alizowahi kuziona. Bwana Kapufi alimkaribisha kiti, akamwagizia maji, akamweleza bila haraka. Siku ya Maamkizi saraka zilipokutana, zilikuta akaunti moja huku na moja kule: baba mmoja, mama mmoja, siku moja ya kuzaliwa, uzazi mmoja kama alivyothibitisha mama mwenyewe, na sura moja. Isitoshe, kumbukumbu zilionyesha kwamba kwa miaka yote wahusika walikuwa wakitibiwa na kupiga kura kama mtu mmoja. Hitimisho halikuwa gumu.

"Ulikuwa na akaunti mbili, dada," alisema. "Hilo ni kosa la jinai. Lakini serikali imekusamehe, ikaziunganisha."

Nyangoma akasema wao ni wawili. Mmoja yuko hapa, mwingine yuko kule, anakufa.

"Naelewa," alisema Bwana Kapufi, na kwa kweli alionekana kuelewa. "Sasa hivi niko na wewe. Kule hospitali taarifa inasema umeruhusiwa."

Akamwomba basi, hata kama ni mmoja, amruhusu kumpa mgonjwa figo yake. Bwana Kapufi alisikitika sana. Sheria ya Viungo inasema figo hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu mwingine. Mtu akijipa mwenyewe anakuwa amejipendelea, na upendeleo ni rushwa. Kuhusu kuzitenganisha akaunti, hilo linawezekana kabisa, halina hata gharama: kosa lililofanywa na saraka mbili husahihishwa na saraka mbili. Inabidi zizungumze tena. Na ili zizungumze, ama moja ianze kuiamkia nyingine, ama Siku ya Maamkizi irudiwe, Mtukufu akipata nafasi.

Nyangoma akaenda kwa Mheshimiwa Ngwandumi. Mheshimiwa alisikiliza habari ile mpaka machozi yakamlengalenga, akatoa hotuba fupi kuhusu umuhimu wa figo katika ujenzi wa taifa, akamshika bega. "Mwanangu, mimi niko tayari hata leo," alisema. "Mwambie mwenzangu aanze." Nyangoma akaenda kwa Mheshimiwa Sengasu. Huko alipewa chai, na hotuba ndefu kidogo, na maneno yale yale. Akarudi kwa wa kwanza kumwambia wa pili amesema nini, na walinzi wakamwambia Mheshimiwa amesafiri.

Akarudi hospitali kuomba Nyakato apimwe upya, ili majibu yake yawe ndiyo ya karibuni. Wazo lilikuwa zuri, hata Dakta Mwemezi alilisifu. Lakini aliyepona hapimwi tena mpaka yawepo malalamiko, malalamiko hutolewa na mgonjwa, na aliyepona si mgonjwa. Daktari mwenyewe aliandika barua ya kupinga, ndefu, yenye hasira. Akajibiwa kwa cheti cha kumpongeza kwa kuponya figo bila upasuaji. Akajaribu kumwingiza Nyakato kwa mlango wa nyuma ili amuunganishe mashine kimya kimya, lakini mashine nayo ilikuwa na kioo, nayo ilimtazama Nyakato usoni, ikamtambua kuwa mzima, ikakataa kuwaka.

Kwa hiyo Nyakato alilala nyumbani, kwenye kitanda cha dada yake, miguu imejaa maji, pumzi fupi. Wanafunzi walikuja wakasimama mlangoni, wakaambiwa mwalimu amelala. Wateja wa Nyangoma walisubiri barazani mpaka wakachoka, wakaenda kusukwa kwingine. Yeye alimsuka mdogo wake tu. Alimsuka, akamfumua, akamsuka tena, kwa sababu mikono yake haikujua kazi nyingine ya kumfanyia.

"Miaka yote nafundisha kwamba moja na moja ni mbili," Nyakato alisema siku moja, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya dada yake. "Kumbe nilikuwa nawapotosha watoto wa serikali."

Nyangoma akacheka, na kicheko kikamgeukia. Alikuwa na figo mbili nzima tumboni. Alizihisi, au alidhani anazihisi, zikifanya kazi bila aibu. Aliichukia ile siku ya vipimo, akajichukia yeye aliyekwenda kupimwa akilia kwa furaha mlangoni. Kama angekaa nyumbani, saraka isingekuwa na majibu ya karibuni, na mdogo wake angekuwa bado yuko kwenye mashine, anaumwa kihalali. Hilo hakumwambia mtu.

"Dada, naogopa," Nyakato akasema baadaye, bila mzaha.

"Nipo," akajibu Nyangoma. 

Alifariki siku ya soko, wauza dagaa wakipita dirishani wakinadi, nusu ya kichwa ikiwa imesukwa. Nyangoma alimalizia ile nusu nyingine. Alikaza meno, akafuata mistari mpaka mwisho wa kisogo, ndipo akaita majirani.

Maiti ikapelekwa chumba cha maiti cha Hospitali Kuu, kwa kuwa bila kibali cha hospitali hapachimbwi kaburi katika nchi ile. Mhudumu akamwelekezea Nyangoma kioo ili athibitishe undugu. Taa ya kijani ikawaka. Mhudumu akasoma, akakuna kichwa, akasema mwenye akaunti hii ni mzima, ameonekana sasa hivi.

"Ameonekana wapi?"

"Hapa, mama. Mbele yangu."

Akamsihi alete kioo kwa marehemu. Mhudumu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akafanya hivyo, na mtambo ukakubali kwamba raia amefariki. Ila Nyangoma alipoitwa kuweka sahihi ya kuchukua mwili, kioo kikamwona yeye, na ya karibuni ndiyo ya kweli, raia akafufuka. Wakarudia. Akafa, akafufuka. Kila Nyangoma alipouomba mwili wa mdogo wake, alimrudisha kwenye uhai, uhai ule ule uliomuua. Na kama asingeuomba, mwili usiodaiwa ungezikwa na manispaa kwenye shimo la pamoja, nje ya mji, mbali na baba yao Ishengoma.

Bwana Kapufi aliletwa kutatua. Alivua kofia mbele ya maiti, akatoa pole ya kweli kabisa, kisha akasema njia ipo.

"Ukitaka afe, itabidi nawe ufe," alisema. "Kwenye saraka tu, dada. Mwili wako serikali haiuhitaji."

Akafafanua. Nyangoma asimame mbele ya kioo, afumbe macho, asipumue mpaka mtambo uridhike. Picha hiyo ndiyo itakuwa ya karibuni. Baada ya hapo asijionyeshe tena mbele ya kioo chochote cha serikali, maana akionekana ataharibu kumbukumbu, na kaburi litahesabika halina mtu, nalo litafukuliwa. Umeme asinunue. Akiugua, avumilie.

Nyangoma aliuliza swali moja tu: atamzika lini. Bwana Kapufi akasema leo hii.

Akasimama. Akafumba macho. Akashikilia pumzi, na katika giza lile akamwona mdogo wake waziwazi, akiwa na shanga za bluu shingoni. Mtambo ukalia mlio mrefu. Akaunti ikafungwa, huku na kule kwa mkupuo, bila waziri kuitwa wala mtu kumwamkia mwenzake. Ilionekana kwamba habari za vifo zilipita kwenye waya bila matatizo, kwa kuwa hakuna wizara iliyowahi kugombania marehemu. Mhudumu akafungua mlango.

Jioni, wakati kaburi linachimbwa, redio ya jirani ilisikika kutoka ng'ambo ya ua. Mawaziri wawili walikuwa wanawashukuru mafundi, kamati, na Mtukufu kwa busara yake. Kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, kulipatikana jina ambalo saraka zote mbili zilikubaliana juu yake, neno kwa neno, bila mgongano wowote. Bwana Kapufi alipandishwa cheo. Mtangazaji akasema huu ni mwanzo tu, na kwamba lengo la serikali ni kumfikia kila mwananchi na kila raia kwa namna hiyo hiyo.

Watu walikuwa wengi shambani kwa Ishengoma, kwa sababu walimu hupendwa na wasusi hujulikana. Bibi mmoja wa ukoo wa mama yao, aliyetoka mbali na asiyekuwa amewaona mabinti tangu wakiwa wadogo, alisogea mpaka alipoketi Nyangoma, akamshika mikono yote miwili, akamtazama usoni kwa macho yaliyochoka. Akamuuliza, pole mjukuu wangu, tumempoteza yupi.

Nyangoma akafungua mdomo kulitaja jina, likakwama. 

"Sote, bibi," akasema.

Bibi alidhani ni uchungu unaozungumza, akamvutia kifuani, akambembeleza. Kisha wanaume wakamaliza kuchimba, wakaita watu wa familia wasogee.